Wiki ya Muziki wa Laivu Tabora Mjini: Maswali Ninayoulizwa na Majibu ya Mpiga Besi

Mimi napiga besi kwenye bendi ya hapa hapa Tabora. Mtu akija mjini kwa semina, harusi, msiba au kutafuta asali, na akajua kazi yangu, ananitumia ujumbe ule ule: "Kaka, leo muziki uko wapi?" Majibu nimeyakusanya hapa. Sitaji majina ya baa wala ya bendi zinazopiga sasa, kwa sababu bendi zinahama. Mwezi huu iko Isevya, mwezi ujao kiongozi kakorofishana na mwenye ukumbi, vyombo vimepakiwa kwenye guta kwenda Kanyenye. Mpangilio wa wiki ndio hauhami, na ukiujua huo huwezi kupotea.

Hivi Tabora bado kuna muziki wa laivu, au ni habari za zamani?

Upo. Haupo kwa wingi ule wanaousimulia wazee, lakini upo.

Habari za zamani zenyewe si porojo. Mji huu ulikuwa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wana Segere Matata, kama mtindo wao ulivyoitwa. Usisahau jinsi mji ulivyokaa. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, baadaye tawi la Mwanza likaanzia hapa hapa. Santuri, magitaa na wanamuziki wenyewe walishuka stesheni yetu. Shem Karenga, mtunzi na mwimbaji aliyeipa Tabora Jazz jina kubwa, alikuwa mtu wa Kigoma. Alitokea kwenye bendi ya Lake Tanganyika Jazz kule ziwani ndipo akaja huku. Amefariki mwaka 2014, na nyimbo zake bado tunaombwa karibu kila wikiendi.

Bendi za leo ni ndogo. Utakuta gitaa mbili, besi, kinanda, drams, waimbaji wawili watatu. Tarumbeta na saksafoni zimekuwa adimu. Sehemu yake sasa inapigwa na kinanda, na mimi ni miongoni mwa wanaosikitika.

Wiki yenyewe inaendaje?

Jumatatu hakuna kitu. Wanamuziki wamelala, vyombo vimefungiwa stoo, na ukiona bango linasema kuna bendi Jumatatu, uliza mara mbili. Jumanne nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa kikundi cha watu wawili, kinanda na mwimbaji, kwenye hoteli yenye wageni wa semina.

Jumatano na Alhamisi ndizo siku ninazozipenda kuliko zote, na wageni hawazijui. Ni siku za mazoezi. Bendi nyingi hufanyia mazoezi kwenye ukumbi ule ule zinakopiga, kuanzia mchana hadi jua linapozama, milango ikiwa wazi. Unaagiza soda yako, unakaa pembeni. Utasikia wimbo mmoja ukivunjwa vipande: mpiga solo anarudia mstari mmoja hadi umkae vidoleni, waimbaji wanagombania nani achukue sauti ya juu, kiongozi anasimamisha wote kwa sababu mpiga rizimu, yaani gitaa la pili, kaingia mapema. Wimbo uliokuwa mbovu saa tisa unaweza kuwa umekaa sawa saa kumi na mbili. Hakuna kiingilio na hakuna anayekufukuza, mradi usipige soga kwa sauti. Ukitaka kujua bendi ina uwezo gani hasa, nenda mazoezini. Jumamosi usiku hata bendi dhaifu hubebwa na bia.

Ijumaa ni usiku wa kufungua wikiendi. Wanakuja wafanyakazi wa ofisini, walimu, watu wa halmashauri. Bendi inaanza taratibu na rumba, inachemka baada ya saa tano.

Jumamosi ndiyo siku inayowachanganya wageni. Unafika ukumbini, bendi haipo. Iko kwenye harusi. Sendofu na harusi zinalipa vizuri kuliko baa, tena zinalipa mapema, kwa hiyo bendi nzuri ya mji siku hiyo mara nyingi imekodiwa. Baadhi hupiga harusini hadi saa nne au tano kisha hukimbilia baa na kuendelea. Nyingine hugawanyika: kikosi kimoja harusini, kingine baa, na utaona nyuso ngeni jukwaani zilizoazimwa bendi jirani. Ukiwa na rafiki mwenye kadi ya mwaliko, nenda naye harusini.

Jumapili kuna bonanza. Linaanza alasiri, watu wanatoka kanisani au mpirani, nyama iko jikoni, watoto wanakimbia mpaka giza liingie. Ni muziki wa kucheza bila haraka, na kufikia saa nne usiku wengi wameshaaga kwa ajili ya kazi ya kesho.

Nitajuaje leo bendi inapiga wapi?

Waulize bodaboda wa stendi au wa pale stesheni baada ya saa kumi jioni. Wao ndio wanaowapeleka watu na kuwarudisha, hawakosei. Gari la matangazo likipita na spika juu ya keria, sikiliza mpaka mwisho, maana mahali na saa hutajwa mwishoni. Magrupu ya WhatsApp yapo pia, lakini bango la mwezi jana huzunguka humo kana kwamba limechapwa asubuhi.

Niende saa ngapi?

Bango likisema saa mbili, bendi itapiga wimbo wa kwanza kwenye saa tatu na nusu. Mimi nakushauri ufike saa tatu. Kuna kipindi kabla ukumbi haujajaa, tunapojaribu vyombo na kupiga nyimbo za polepole tunazozipenda wenyewe, zile ambazo watu wakishachangamka hawazitaki tena. Wengi wanaokuja saa sita wanapata sebene tu, ile sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza. Hawajui kama mwimbaji wetu anajua kuimba.

Kiingilio kikoje?

Kuna namna mbili. Kuna baa isiyotoza mlangoni: mwenye baa anailipa bendi kiasi walichopatana na yeye anategemea mauzo ya vinywaji. Hapo ukikaa na chupa moja ya maji hadi usiku wa manane hujavunja sheria, ila unajua umefanya nini. Namna ya pili ni ukumbi wenye geti, ambapo fedha ya mlangoni ni ya bendi, yote au sehemu kubwa. Mlango wa aina hii ndio unaotulisha. Ndiyo maana nikiona mtu aliyevaa vizuri anabishana na kijana wa getini ili aingie bure kwa kuwa "anamjua mpiga besi", huwa nageuka upande mwingine.

Kutunza ni lazima? Nafanyaje?

Si lazima, lakini ni nusu ya raha. Ukipendezwa, unainuka na noti yako, unacheza mpaka mbele, unamwekea mwanamuziki kwenye paji la uso, mfukoni, au kwenye kikapu kama kipo. Usirushe. Usimwekee mwimbaji wa kike popote pengine zaidi ya mkononi au pajini mwa uso. Wapo wanaojifanya hawajui, na mabaunsa wetu huwakumbusha. Njoo na noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili ulizochenji mchana, kwa sababu kaunta haina chenji usiku.

Fedha hiyo inakwenda wapi? Inategemea bendi. Kwa wengine aliyetunzwa ndiye mwenye nayo. Kwa wengine inaingia kwenye boksi na kugawanywa asubuhi. Mimi ni wa boksi, na sababu yangu utaiona ukiangalia watu wanavyotunza: mwimbaji anapambwa noti kama bi harusi, mpiga solo anapata kidogo kwenye sebene, na mpiga drams aliyetokwa jasho tangu saa tatu haonekani, amefichwa na sahani zake. Siku moja mtunze mpiga drams. Utaona wimbo utakavyobadilika.

Kutajwa jina ni jambo jingine. Ukitaka mwimbaji alitaje jina lako au la shemeji yako katikati ya wimbo, mpe karatasi iliyoandikwa vizuri pamoja na chochote. Majina ya kupigiwa kelele toka mezani hatuyasikii.

Naweza kuomba wimbo?

Omba, kwa kiongozi wa bendi, wakati wa mapumziko. Usimfuate mwimbaji akiwa anaimba. Na ukiomba wimbo wa Kikongo wa mwaka huu, usinune tukikupa wa mwaka 1974.

Mama yangu ana miaka sabini na ushee, alikuwa akicheza Tabora Jazz ujanani. Nimpeleke wapi?

Mlete Jumapili kwenye bonanza, alasiri. Asije Ijumaa wala Jumamosi: kuna baridi, kelele na kukesha. Tafuta meza iliyo mbali na spika na karibu na njia ya kutokea. Kisha njoo useme kwa kiongozi kwamba leo yupo mama fulani, na wimbo anaoupenda ni upi. Bendi yoyote ya Tabora yenye adabu itaupiga, na mwimbaji atashuka kumwamkia shikamoo kabla ya ubeti wa kwanza.

Ila mwandae. Nyimbo zile zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na masikio ya wazee yameshika kila noti ya rekodi ile. Sisi tunazipiga kwa kasi zaidi na bila tarumbeta. Wapo wazee wanaocheza bila kujali. Wapo wanaotuita baada ya wimbo na kutueleza, kwa upole wa kutisha, gitaa la pili lilipaswa kuingia wapi. Hao tunawapenda zaidi. Mpiga rizimu wetu amejifunza mengi mezani kwa wazee kuliko kwenye simu yake.

Na ngoma za asili?

Ngoma haina ratiba ya wiki mjini. Vikundi vya ngoma ziitwazo hiari ya moyo na manyanga huitwa kwenye sherehe za serikali, kupokea viongozi, Nane Nane pale viwanja vya Ipuli, na kwenye harusi za familia zinazotaka mambo ya Kinyamwezi yaonekane. Waswezi na Wayeye, hao wanaocheza na nyoka, ni zaidi ya burudani; wana miiko yao na chama chao. Ukibahatika kuwaona, simama pale wanaposimama wenyeji na usiingie katikati kupiga picha. Vijijini, kiangazi, baada ya mavuno, nafasi ni nyingi zaidi.

Kanisani na misikitini je?

Jumapili asubuhi tembelea kwaya. Tabora ni makao ya jimbo kuu la Katoliki, na Wamoravian wana mizizi mirefu hapa. Sauti nne zinapangwa vizuri kwelikweli. Waimbaji wengi wa dansi mjini walianzia kwaya, wengine kwenye kaswida za madrasa, ingawa si wote wanaopenda kukumbushwa. Maulidi yakifanyika Ng'ambo au Gongoni, yanapigwa dufu usiku kucha. Vaa kwa heshima, kaa upande wako.

Nije mwezi gani?

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kumbi zetu nyingi ni za wazi au zimeezekwa nusu. Bati likianza kupigwa na mvua hakuna spika inayoshindana nalo. Zaidi ya hapo, kiangazi ndipo fedha ya tumbaku inapoingia kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge. Mkulima akishalipwa anaoza, anaezeka, anakuja mjini. Harusi zinafuatana na bendi hazipumziki. Mwaka soko la tumbaku likichelewa, na sisi tunachelewa kulipa kodi ya nyumba.

Mwezi wa Ramadhani bendi nyingi zinasimama kabisa. Mji una Waislamu wengi na hakuna anayetaka kupiga sebene mlangoni kwa mtu anayekwenda tarawehe. Kwaresma nayo harusi za Wakatoliki zinakatika. Idi mosi na Idi pili ndipo kila ukumbi unafunguka kwa pamoja, hadi wapiga drams wanakosekana.

Njoo na sweta. Mji uko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unauma.

Bongo fleva na singeli?

Zipo, hasa kwenye kumbi za vijana na kwenye matamasha ya wasanii kutoka Dar ambayo makubwa hufanyika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mengi ni pleibeki, msanii anaimba juu ya muziki uliorekodiwa. Sina ugomvi nayo, ila si laivu.

Mbona sauti inapasua masikio?

Kwa sababu umekaa mbele ya spika. Tafuta alipo fundi mitambo na mikisa yake, kaa karibu naye. Yeye anasawazisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo pale alipo ndipo muziki unapokaa sawa. Lakini kosa si la meza yako peke yake. Kumbi zetu ni kuta za saruji na bati juu, sauti inagonga na kurudi. Mpiga gitaa akijisikia hafifu anajiongeza, mwimbaji naye anaomba maiki iongezwe, kinanda kinafuata, na kufikia saa sita kila mtu amejiongeza na hakuna anayemsikia mwenzake. Fundi mwenye msimamo huwarudisha wote chini. Wachache wana ujasiri huo mbele ya mwenye bendi.

Majirani nao wana haki yao. Kibali huandikwa saa ya kuzima, na malalamiko ya kelele yanaweza kumfikisha mwenye baa kwa halmashauri na hata NEMC, baraza la taifa la mazingira. Muziki ukizimwa ghafla wakati wimbo umekolea, usimtukane fundi.

Mimi ni mwanamuziki kutoka Kigoma. Nataka kupiga Tabora wiki nzima na bendi yangu. Nianzie wapi?

Karibu sana, mwanangu. Njia hiyo ina wenyewe waliokutangulia.

Anza na karatasi. Bendi iwe imesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kibali cha onyesho ukifuatilie kwa afisa utamaduni wa Manispaa siku kadhaa kabla. Mwenyeji wako, yaani mwenye ukumbi, aende nawe. Polisi wajulishwe. Kama utapiga nyimbo za watu wengine, jueni mapema kati yako na mwenye ukumbi nani anashughulikia leseni ya hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inahusu pia muziki unaopigwa hadharani, hata kwenye baa ndogo.

Kisha mapatano, kwa maandishi, hata ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni malipo ni kiasi gani au mgawo wa mlango ni upi, nani anasimama getini, nani analipia gesti, chakula kingapi kwa siku, vinywaji vya nani. Chukua nusu kabla hamjafunga vyombo. Nimeona bendi nzuri ya mkoa mwingine ikilala ukumbini kwa sababu mwenye baa alisema mlango haukuingiza kitu, na wao hawakuwa na mtu wao getini.

Usipange siku saba zote mjini. Mji hauna watu wa kujaza ukumbi siku saba. Ukitoka Kigoma, piga Kaliua siku moja na Urambo siku moja njiani, ingia Tabora Ijumaa hadi Jumapili, halafu kama nguvu ipo panda Nzega na Igunga. Ulizia siku za gulio na minada, maana siku hizo watu wako mjini na wana fedha. Drams, ampilifaya na spika kodi hapa hapa. Magitaa, kinanda na maiki njoo nazo, pamoja na nyuzi za akiba. Nyuzi za besi usitegemee kuzikuta madukani. Beba stabilaiza, umeme hupanda na kushuka.

Na ukifika, kabla ya onyesho, nenda ukaisalimie bendi ya mji mazoezini. Usipokwenda utasikia kwamba maonyesho yako "yameahirishwa" kutoka kwa watu usiowajua.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Wimbo mmoja, dakika moja mbili, hakuna neno, na ukiweka mtandaoni andika jina la bendi na mji. Kurekodi onyesho zima kwa kamera na taa ni kazi, na kazi huzungumzwa na kiongozi mapema. Kwenye harusi waulize wenye shughuli.

Mwanamke akija peke yake atakuwa salama?

Jumapili na siku za mazoezi, ndiyo, bila wasiwasi mkubwa. Ijumaa na Jumamosi ningependa dada yangu aje na mwenzake. Kaa karibu na kaunta au na familia, chukua namba ya bodaboda uliyemwamini tangu mchana na mpigie huyo huyo akurudishe. Mtu akikusumbua, mwambie mhudumu. Kelele za muziki ni nyingi lakini wahudumu wanaona kila kitu.

Napiga gitaa kidogo. Naweza kupanda jukwaani?

Mazoezini ndiyo, omba tu. Usiku wa onyesho subiri bendi iite wageni, kwa kawaida kabla ukumbi haujajaa au karibu na kufunga. Sema unaujua wimbo gani na katika ufunguo gani. Usiguse vifundo vya ampilifaya, usibadilishe tuni ya gitaa la mtu, na usijaribu solo kwenye wimbo wa kwanza. Piga rizimu, msikilize besi, mwangalie kiongozi mkononi maana ndiye anayeonyesha lini tunaingia sebene. Akikuonyesha kidole kimoja, maana yake ni mzunguko mmoja umebaki. Wageni wengi hawakioni, tunasimama sote, wao wanaendelea peke yao.